Mkwe na Mwenyeji katika Habari za Pate na Kilwa

Wasomaji wa habari za kale za pwani wamezoea kuzipima kwa kipimo kimoja tu, nacho ni ukweli wa tarehe. Huuliza kama Wanabahani walifika Pate mwaka 601 wa Hijra, kama habari zao zisemavyo, au walifika baadaye sana. Huuliza kama Washirazi wa Kilwa walitoka Shirazi au hawakutoka. Maswali hayo ni ya wanahistoria, na baadhi yao wamekwisha kuyajibu kwa ukali. Neville Chittick aliandika juu ya Washirazi mwaka 1965 na juu ya Pate mwaka 1969, na tangu hapo ni vigumu kwa msomaji kuzishika tarehe za masimulizi kwa imani ile aliyokuwa nayo msimulizi. Walakini kisa kisichoweza kusimama kwa tarehe zake chaweza kusimama kwa maana yake. Katika habari za Pate, na katika habari za Kilwa zilizosimuliwa kwa Kiswahili, limo jambo ambalo kwa mtu wa leo lina uzito kuliko tarehe yoyote: mgeni anafika kwa chombo, anaoa binti wa mwenye mji, na kwa ndoa ile anapata mahali katika nchi isiyokuwa yake. Ni mahali gani hapo anapopapata, na kwa muda gani, na kwa hasara ya nani, ndipo visa hivi viwili vinapoachana njia.

Habari za Pate zimechapwa mara nyingi. Stigand alizitoa kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akafuata mwaka 1914 na 1915, Heepe mwaka 1928, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akaweka nakala kadhaa pamoja, msomaji apate kuzilinganisha. Nakala hizo zapingana katika mengi, lakini mwanzo wake wafanana. Selemani wa Kinabahani, aliyekuwa na enzi Omani akaipoteza, anafika Pate na watu wake na merikebu zake. Anawapa wenyeji zawadi. Kisha anaposa binti wa mfalme wa mji, naye anapewa. Siku saba za arusi zikiisha, anakwenda kumwamkia mkwewe, na huyo mkwewe anamkabidhi ufalme kuwa ndiyo tunu ya mkewe.

Siku saba! Msimulizi hakuona ajabu yoyote katika jambo hili. Hakueleza mfalme alifikiri nini usiku wa siku ya sita, wala wazee wa mji walisema nini asubuhi ya siku ya nane. Fungate limekwisha, mkwe amekuja kuamkia, naye amepewa kitu kama desturi ipasavyo. Ila kitu chenyewe ni nchi nzima. Ufundi wa kisa hiki ni kufanya jambo kubwa kupita yote lifanane na jambo la kila siku. Kila msikilizaji wa Pate alijua mkwe huja siku ya saba, na alijua harudi mikono mitupu. Basi ufalme ukapita katika mlango ule ule wa tunu za arusi, na hapana mtu aliyegutuka. Mhakiki lakini hana budi kugutuka. Kisa kilisimuliwa katika ukoo wa Wanabahani wenyewe, na watu wa ukoo ule walikuwa na haja kubwa ya kuonyesha kwamba hawakunyang'anya, bali walipewa. Kwa hiyo wepesi wa kisa si wepesi wa moyo. Ni wepesi wa mtu anayepita haraka mahali asipotaka kuulizwa.

Habari za Kilwa ni tofauti, na kwa sanaa ni bora. Yafaa kukumbuka kwamba zipo kwa namna mbili. Zipo zile za Kiarabu, ambazo nakala yake ilitoka kwa Sultani Barghash wa Unguja ikafika Uingereza, nazo zikachapwa na Strong mwaka 1895. Na zipo zile za Kiswahili zilizochapwa na Velten mwaka 1907, ambazo Freeman-Grenville alizitia kwa Kiingereza katika mkusanyo wake wa mwaka 1962. Katika zile za Kiarabu mgeni anakinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka, na biashara imekwisha. Ndoa hamna. Katika zile za Kiswahili nguo zipo vilevile, lakini kabla ya nguo ipo arusi: Sultani Ali bin Selimani, Mshirazi, anafika na jahazi zake, anamwendea Mzee Mrimba aliye mkuu wa Kisiwani, anaomba mahali pa kukaa, anapewa, kisha anamwoa binti wa Mrimba, anakaa na watu kwa wema, wanaume akiwapa nguo na wanawake ushanga.

Kwa nini msimulizi wa Kiswahili aliiongeza ndoa, au, kama ilikuwapo tangu zamani, kwa nini mwandishi wa Kiarabu aliiacha? Jibu la pili ni rahisi. Mwandishi wa Kiarabu aliandika kwa ajili ya watawala waliotaka nasaba yao iwe ng'ambo ya bahari tupu, na mama wa Kimachinga hakuwafaa kitu. Jibu la kwanza ndilo lenye faida. Kwa msimulizi wa Kiswahili nguo hazikutosha. Nguo ni bei, na kilichonunuliwa chaweza kudaiwa tena, chaweza kusemwa kwamba kiliuzwa kwa udanganyifu au kwa njaa. Mkwe hadaiwi hivyo. Ndiyo sababu aliweka haki mbili, ya bei na ya ndoa, kama mtu afungaye mlango kwa komeo na kwa kufuli. Watu waliojivunia asili ya Shirazi hawakuweza kuhesabiwa haki ya kukaa Kilwa bila ya mwanamke aliyezaliwa hapo. Walimhitaji ashuhudie, hata kama hawakumpa nafasi ya kusema mengi.

Na hapo ndipo kisa cha Kilwa kinapokishinda kile cha Pate, kwa kuwa binti wa Mrimba anasema. Mumewe anamtuma kwa baba yake: amwambie mzee ni heri ahame Kisiwani akakae bara, maana haifai mtu na mkwewe kukaa mahali pamoja. Ujanja wa maneno haya wataka kutazamwa vizuri. Adabu ya ukwe ni jambo la kweli pwani na bara. Mtu humwonea haya mkwewe, hupisha njia, hapandi jamvi moja naye. Mgeni amejifunza adabu ya wenyeji vizuri hata anaweza kuitumia kama silaha. Anamfukuza mwenye kisiwa kwa heshima, na heshima yenyewe ni ya mwenye kisiwa. Naye mzee anaelewa. Anajibu kwa kinywa kile kile cha binti: na atandaziwe nguo kutoka Kisiwani mpaka bara, akanyage juu yake, ndipo aende. Nguo zinatandazwa, mzee anavuka. Lakini moyoni anakusudia kurudi kwa vita maji yatakapokupwa, na Sultani Ali anasoma kisomo, maji hayakupwi tena, na Kisiwani kinakuwa kisiwa mpaka leo.

Wako wanaosoma kisa hiki kama sifa ya ukarimu wa pwani, na mara kwa mara hutajwa katika hotuba kuonyesha jinsi wenyeji walivyowapokea wageni. Hasha. Mwenyeji aliyempokea mgeni ndiye anayesimama ng'ambo akiyangoja maji yaliyokataa kukupwa. Kisa ni onyo, ingawa kimevaa mavazi ya arusi. Msimulizi amemhurumia Mrimba kwa kiasi cha kumwacha aone hasira, jambo ambalo msimulizi wa Pate hakumruhusu mfalme wake.

Hata hivyo kisa hakikomi katika hasira. Binti wa Mrimba anazaa mwana, Mohamed bin Ali. Mwana anakaa kwao hata anakuwa mtu mzima, kisha anavuka bara kumwona babu yake, na babu anamkabidhi enzi yake. Kwa hiyo uenyeji haukutolewa kwa mkwe. Ulimruka mkwe ukatua juu ya mjukuu. Sultani Ali alikuwa na kisiwa, nguo na kisomo, lakini amri ya nchi ilikuwa bado bara, kwa mzee, na haikuvuka maji mpaka alipokuja kuichukua mtu aliyezaliwa na binti wa mzee. Pate inasema: mwoe binti yetu, na siku ya saba u mwenzetu. Kilwa inasema: mwoe binti yetu ukipenda, mwanao atakuwa mwenzetu, wewe tutakutazama.

Lugha yenyewe inapambanua mambo haya. Neno raia limetoka Uarabuni, na asili yake ni kundi lichungwalo, watu walio chini ya mchungaji au mtawala. Halisemi neno juu ya kuzaliwa. Neno mwananchi ni la namna nyingine: ni mwana wa nchi, na nchi hapo ni mzazi. Sasa, kama nchi ni mzazi, mtu aliyeingia kwa ndoa ni nani kwake? Hawi mwana, ni mkwe. Na mkwe katika Kiswahili ni neno linalotazama pande mbili, kwa kuwa mzee humwita kijana mkwe, na kijana humwita mzee mkwe. Kila mmoja ni mkwe wa mwenziwe, na haya ni yao wote wawili. Waliounda maneno haya walijua kwamba ukwe si ujamaa pungufu bali ni ujamaa wenye mwendo wake: wa heshima nyingi, wa tahadhari nyingi, na usiotulia mpaka mtoto apatikane.

Mtu atasema kwamba mambo haya ni ya zama za jahazi na yamekwisha nazo. Na aifungue Sheria ya Uraia ya Tanzania iliyotungwa mwaka 1995. Kifungu cha 11 kilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajinisi wakati wowote katika uhai wa mumewe. Hakuwekewa miaka ya kukaa wala ya ndoa. Ni Pate hasa: tunu ya arusi, na pengine kabla ya siku ya saba. Lakini kwa mwanamume wa kigeni aliyemwoa raia wa Tanzania sheria ile haikuwa na neno. Ndoa yake haikumpa njia yoyote ya peke yake. Alitakiwa kupita njia ya wageni wote, yaani awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza, na mengineyo. Kabla ya hapo hukaa kwa kibali, kibali kina mwisho, na kila mwisho unakuja na ada yake na mashaka yake. Watoto wake wakizaliwa nchini ni raia tangu siku ya kuzaliwa. Mama raia, watoto raia, baba mgeni mwenye karatasi. Mtu aliyesoma habari za Kilwa anaijua nyumba hiyo: uenyeji umemruka mkwe ukatua juu ya mwana.

Yaani sheria moja iliwapa wake wa wanaume wa Tanzania kisa cha Pate, ikawapa waume wa wanawake wa Tanzania kisa cha Kilwa. Na ajabu yake ni kwamba katika visa vyenyewe, chote cha Pate na chote cha Kilwa, mlango wa nchi ulikuwa mwanamke. Selemani aliingia kwa mkewe. Ali aliingia kwa mkewe. Mwana wa Ali alipata enzi kwa upande wa mama yake. Katika miji mikongwe ya pwani kama Lamu, nyumba ya mawe ilikuwa aghalabu mali ya binti, na mume ndiye aliyehamia. Desturi ya kufu ilichuja waume, na haikuwa kila mgeni aliyepewa binti wa kiungwana, lakini aliyepewa aliingia nyumbani kwa mwanamke. Sheria iliyofanya mlango uwe mwanamume peke yake haikutoka katika masimulizi ya watu hawa.

Ilitoka wapi, si siri. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ilisema kwamba mwanamke wa kigeni anayeolewa na Mfaransa huifuata hali ya mumewe. Uingereza ilifuata mwaka 1844, na mwaka 1870 ikakamilisha kwa kumhesabu kila mwanamke aliyeolewa kuwa mtu wa dola ya mumewe, hata Mwingereza aliyeolewa na mgeni akawa mgeni katika nchi ya baba yake. Mwaka 1948 Waingereza waliuacha ukali huo, wakambakishia mke wa mwanamume raia haki ya kuandikishwa, na mume wa mwanamke raia hakupewa kitu. Sura hiyo ndiyo iliyonakiliwa katika katiba za uhuru, ya Tanganyika mwaka 1961 na ya Kenya mwaka 1963. Waingereza wenyewe waliibadili kwa sheria ya mwaka 1981 iliyoanza kutumika mwaka 1983, wakaweka kipimo kimoja kwa mume na mke. Miaka 12 baadaye Dodoma ilitunga upya ile nakala ambayo mwenye asili alikwisha kuitupa. Ndiyo hali ya nakala nyingi. Mwandishi wa asili huendelea kusahihisha, na mwenye kunakili hubaki na makosa ya kwanza.

Walakini haitoshi kusema kwamba ni nakala tu. Jambo lisilokuwa na mizizi katika woga wa watu halidumu miaka mingi namna hii. Wanaoitetea sheria husema kwamba wanaume wa kigeni watawaoa mabinti ili wapate ardhi na biashara, na woga huo si upuuzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimkataza asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na anayejua thamani ya kiwanja cha pwani hatashangaa mtu akitafuta njia ya kuzunguka. Huo ni woga wa Mzee Mrimba. Alimpokea mtu kwa wema, akampa mahali na mtoto, na mwisho wake alitembea juu ya nguo kwenda kuishi ng'ambo. Mhakiki asiyeusikia woga huo katika sauti za wanaoitetea sheria hajakisoma kisa kwa makini.

Lakini woga wa Mrimba ulikuwa juu ya nani? Ulikuwa juu ya Ali. Sheria imeuhamisha ukawa juu ya binti. Inadhani kwamba mwanamke wa Tanzania akiolewa na mgeni amekwisha kuwa wa mgeni, hana tena shauri lake, na kila atakachokishika mumewe kimevuka bahari. Na inadhani kwamba mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania amekwisha kuwa wa Mtanzania, hana tena kwao wala tamaa, na kwa hiyo hana hatari. Dhana zote mbili ni moja, nayo ni ile ya mwaka 1804. Katika kisa, binti wa Mrimba hakuwa kitu cha namna hiyo. Alikwenda na neno la mumewe na akarudi na neno la baba yake, na hapana mahali msimulizi aliposema kwamba alilipunguza mojawapo. Mwana aliyemlea ndiye aliyekwenda kumtafuta babu. Hayo hayafanywi na mwanamke aliyemezwa na upande mmoja.

Kenya imefuata njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba kuandikishwa mtu yeyote, mume au mke, aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7. Miaka saba mahali pa siku saba za Pate! Bila shaka watunga katiba hawakuwa wanafikiri juu ya fungate la Selemani, lakini msomaji wa masimulizi hawezi kuiacha hesabu hiyo ipite. Desturi iliona kwamba siku saba zatosha mtu kuonekana kuwa mkwe. Katiba imeona kwamba kujua kama mkwe atakaa kunataka miaka. Katiba hiyo pia inatamka kwamba uraia haupotei kwa kuoana wala kwa kuachana, na kwa tamko hilo fupi ile sura ya mwaka 1870 imefutwa kabisa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011, iliyotungwa kuitekeleza katiba, inaongeza masharti, na mawili kati yake yanastahili kutazamwa na mwanafunzi wa fasihi. La kwanza ni kwamba ndoa isiwe ilifungwa kwa nia ya kupata hadhi ya uhamiaji au uraia. La pili ni kwamba wawili hao wawe wanakaa pamoja wakati wa kuomba. La kwanza lachungulia moyo wa siku ya arusi; la pili latazama nyumba ya leo. Sasa aletwe Selemani wa Kinabahani mbele ya meza ya afisa. Amepoteza enzi kwao, amefika na merikebu zilizojaa watu wasio na mahali pa kukaa, na katika mabinti wote wa Pate akamchagua yule wa mfalme. Nia yake ni ipi? Hata msimulizi wa ukoo wake, aliyetaka kumsifu, hakuthubutu kusema kwamba alimpenda. Katika sharti la kwanza Selemani ameanguka, na Ali ameanguka pamoja naye. Katika sharti la pili wote wawili wamepita, kwa kuwa walikaa, wakazaa, wakazikwa hapo, na wajukuu wao wakawa watu wa pwani wasiojua pengine pa kwenda.

Masimulizi hayachungulii nia, na si kwa sababu wasimulizi hawakujua kwamba watu wana nia. Katika habari za Liongo, kijana aliahidiwa binti wa mfalme iwapo atamwua baba yake. Aliua, na binti hakupewa. Hapo nia iko wazi pande zote, ya mwenye kuahidi na ya mwenye kuahidiwa, nayo ni mbaya, na ndoa haikutokea. Wasimulizi walizijua ndoa za hila vizuri sana. Ila walipotaka kuamua kama mgeni amekuwa mwenyeji hawakumrudisha kwenye siku ya posa. Walitazama alifanya nini na mkwewe, na mwana wake alikwenda wapi. Kipimo hicho ni kigumu kuliko kile cha afisa, kwa maana mtu aweza kujifunza majibu ya maswali ya nia kwa jioni moja, na hawezi kujifunza jinsi ya kukaa. Ila kinataka subira ambayo ofisi haina, na kinataka majirani wanaotazama, jambo ambalo ofisi haiwezi kulitoa. Kwa hiyo si haki kuilaumu sheria ya Kenya kwa kutokuwa masimulizi. Ni kitu cha kutosha kwamba imeweka miaka saba ya kukaa mbele ya maswali ya moyo, na kwamba imemwuliza mume na mke maswali yale yale.

Limebaki neno moja juu ya maandishi yenyewe. Msimulizi wa Kilwa, anapotaja kufika kwa Sultani Ali na watoto wake, anamtaja mmoja kwa jina, Fatima binti Ali, kisha anasema kwamba majina ya wale wengine hayajulikani. Ni uaminifu mzuri wa msimulizi. Ameona pengo akaliungama. Kurasa hizo hizo zina Mrimba kwa jina, na kabila lake, zina Musa bin Amrani aliyefuatana na Sultani, zina Mohamed aliyepewa enzi. Mwanamke aliyewaunga wote hawa, ambaye bila yeye Ali ni mnunuzi tu na Mohamed hana babu wa kumwendea, anaitwa binti wa Mrimba mara ya kwanza na mkewe Ali baadaye. Jina lake halikutajwa, wala msimulizi hakusema, kama alivyosema juu ya watoto wa mgeni, kwamba halijulikani.